Maneno Aliyosomewa Baba

Guangdong, 12 Septemba 1994

Mwanangu Qiulan,

Mama yako ni mzima. Kazi nimeipata, tena ya ndani, sipigwi jua wala mvua. Kiwanda chetu kinatengeneza wanasesere wa plastiki. Kuna wanaofyatua vichwa, kuna wanaochora macho, na mimi nafyatua miguu. Miguu ya kushoto tu. Mashine inashuka, inabana, inapanda, natoa mguu, naweka plastiki nyingine. Ahong, mwenzangu anayelala kitanda cha juu yangu, anasema siku tukifa tutaingia kuzimu tukirukaruka kwa mguu mmoja. Ana mdomo huyo, lakini ana roho nzuri. Kukoroma kwake ndiko kunanikumbusha baba yako.

Sasa sikiliza. Baba yako anywe maji ya tangawizi asubuhi kabla ya kula. Asipande kwenda shamba la mahindi la juu, hata akikuambia amepata nafuu. Vumbi la mawe alilomeza machimboni miaka yote hiyo haliondoki kwa kukohoa, na akipanda mlima litamkaba. Mahindi ya juu waombe jirani zetu akina Peng wakusaidie kuvuna. Mdogo wako Xiaoman asichezee kisimani. Nguruwe asilishwe viazi vilivyooza.

Na wewe usome. Huu ndio mwaka wako wa darasa la sita, mwishoni kuna mtihani wa kwenda sekondari. Mimi niliishia la tatu, ndiyo maana mwandiko wangu unatembea kama kuku kwenye tope. Baba yako hakuingia darasani hata siku moja. Kwa hiyo ninachoandika msomee, na anachosema yeye kiandike uniletee. Sisi wawili hatuna njia nyingine ila wewe.

Mama yako,
Tian Guizhi


Shiyazi, 30 Septemba 1994

Mama,

Barua yako tumeipata. Nimemsomea baba mara moja, halafu akataka tena ile sehemu ya kukoroma. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikakasirika.

Baba anasema niandike kwamba yeye ni mzima. Nimeandika. Anasema niandike anakula bakuli mbili kila mlo. Nimeandika hilo pia, ila Xiaoman yuko hapa pembeni anasema, "Dada, ya pili si huwa unanipa mimi?" Baba amemwambia anyamaze, mambo ya watu wazima hayamhusu.

Baba anasema wewe usile wali mkavu kwa kubana pesa, ununue na mboga. Anasema mguu wa kushoto ni bora kuliko wa kulia kwa sababu ndio mtu anaoutanguliza akivuka kizingiti. Nimemuuliza nani kasema hivyo, akasema, "Mimi. Andika."

Mahindi ya juu yamevunwa. Nguruwe amenenepa. Xiaoman ameng'oka meno mawili ya mbele, akisema "dada" anatema mate. Mimi nasoma. Mwalimu Tan alisema insha yangu ni nzuri, akaisoma mbele ya darasa, nikaona haya.

Mwanao,
Ran Qiulan


Guangdong, 20 Novemba 1994

Qiulan,

Usishangae kuona mwandiko mzuri. Ni wa Ahong. Mkono wangu umechoka kidogo kwa kazi, nimemwomba aandike, mimi nasema. Anadai nimlipe kwa kumfulia soksi.

Pesa niliyotuma safari hii ni ndogo, najua. Kiwanda kimebadilisha mambo, na mimi wamenihamishia kitengo kingine. Si kazi mbaya. Ni nyepesi zaidi, ndiyo maana malipo nayo ni mepesi. Mwambie baba yako avumilie dawa za mitishamba kwa sasa. Zile za hospitali ya wilaya tutazinunua mambo yakikaa sawa.

Mwaka Mpya sitakuja. Tiketi za treni zinapiganiwa kama chakula cha bure, na anayebaki kiwandani wakati wa sikukuu hapotezi nafasi yake. Mchinje kuku yule mwekundu. Baba yako ale paja, asiwape ninyi, nakujua na yeye namjua.

Mbona hukuniambia umekuwa wa ngapi mtihani wa nusu muhula?

Mama yako,
Tian Guizhi
(kwa mkono wa Ahong, ambaye anawasalimu nyote na hakoromi, mama yenu ni mwongo)


Shiyazi, 18 Desemba 1994

Mama,

Tumeelewa kwamba hutakuja. Xiaoman alilia kidogo, sasa ameacha. Mwambie dada Ahong mwandiko wake unapendeza.

Baba anasema ni mzima. Siku hizi analala ameketi, tumemwekea mito na gunia la maganda ya mahindi mgongoni, anasema hivyo ndivyo walivyokuwa wakilala wafalme. Theluji imeanguka juu kwenye mlima lakini huku chini ni tope tu.

Nusu muhula nilikuwa wa nne. Usinikasirikie. Kama unaweza kumpa mtu wa huku jozi ya glavu, nzito, hata kuukuu, naomba. Darasani ni baridi sana na vidole vinapasuka. Karatasi hii ikiwa na madoa mekundu ni vumbi tu, niliiweka mahali pachafu.

Pesa uliyotuma imetosha. Usijinyime.

Mwanao,
Ran Qiulan


Guangdong, 20 Februari 1995

Ran Maolin,

Barua hii ni yako. Qiulan, msomee baba yako, usiruke neno.

Mke wa Peng amerudi kiwandani jana kutoka huko nyumbani kwenye sikukuu. Nikamkimbilia nimuulize habari za wanangu. Akainamisha uso. Nikamwambia, "Sema tu." Akasema, "Guizhi, mimi nilidhani unajua. Qiulan wako yuko kwenye tanuri la matofali la Bosi Gou tangu vuli. Nimemwona kwa macho yangu anasukuma mkokoteni wa matofali mabichi, amejifunga kitambaa puani, mwekundu kichwa hadi miguu. Nikamwita, akajifanya hakusikia."

Maolin, niliondoka hapo nikijua namwacha mtoto na baba yake. Kumbe nimemwacha na mtu anayekula jasho la mtoto! Ana miaka kumi na miwili. Wewe unakaa mlangoni unaota jua, umeegemea mito kama mfalme, na mwanao anasukuma tope la Gou. Haya, kifua chako kimeharibika, nimekubali. Na aibu je? Nayo iliharibikia machimboni?

Uliponioa hukuwa na kitu, sikulalamika. Nikazaa mabinti wawili, ukoo wako wakanisema, sikulalamika. Nimekuja huku kulala kwenye chumba cha watu kumi na wawili, sijalalamika. Jambo moja tu nilikuomba, huyu mtoto asome. Moja! Kama ulishindwa kumlisha ungemwambia mama yake. Lakini wewe kila barua, "mzima, mzima, bakuli mbili."

Heri ungekufa mapema tukalia mara moja tukamaliza, kuliko kubaki hai ukimla mwanangu kidogo kidogo.

Mtoe kwenye tanuri leo. Usinijibu maneno matamu. Nijibu kwamba amerudi darasani.

Tian Guizhi


Shiyazi, 9 Machi 1995

Mama,

Barua yako ilifika juzi. Nilimsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho.

Ni kweli kuhusu tanuri. Nilikudanganya.

Mama, ukiweza kuja, njoo. Baba hajui kama naandika hivi, alinikataza. Hali tena chochote ila uji wa mchele mwembamba, na midomo yake imekuwa rangi ya zambarau. Mganga wa kijiji alikuja akamsikiliza kifua, halafu akatoka nje akavuta sigara.

Njoo.

Qiulan


Guangdong, 10 Aprili 1995

Mwanangu Qiulan,

Nimefika salama. Msimamizi alinifokea kwa kuchelewa lakini hakunifukuza.

Barua yako ya kuniita na telegramu ya mjomba wako kwamba baba yako amefariki zilinifikia siku moja. Ahong alizipokea zote mbili, hakujua anipe ipi kwanza. Sikumbuki nilipandaje treni. Nakumbuka tu kufika pale juu kwenye kona ya njia, nikaona udongo mpya kwenye mteremko wa makaburi ya akina Ran, nikajua hamkuweza kunisubiri. Sikuwalaumu. Maiti haisubiri, na joto la mwezi ule lilikuwa limeanza.

Zile siku chache nilizokaa nyumbani palikuwa na watu kila saa. Shangazi zako wakinitazama kana kwamba nimekuja kukusanya mali. Ndugu wakila, wakicheza karata, watoto wakipiga kelele. Na mimi nilikuwa na jambo nataka kukuuliza, kila nikikusogelea, wewe unainuka unakwenda kuchota maji. Mpaka nikapanda basi sijauliza.

Nauliza sasa. Siku uliyomsomea baba yako barua yangu ile, alisemaje?

Usinifiche. Najua nilichoandika. Nimekirudia kichwani kila mashine inapogonga. Kama alinilaani, niambie alinilaani vipi. Kama aligeukia ukutani akanyamaza, niambie. Mtu ametoka duniani maneno ya mwisho ya mkewe masikioni mwake ni "heri ungekufa." Nataka kujua aliyabeba vipi.

Na ile ahadi uliyonipa mbele ya kaburi kwamba utarudi shule, nadhani umeitimiza. Niandikie habari za darasani.

Mama yako,
Tian Guizhi


Shiyazi, 28 Aprili 1995

Mama,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Sikumsomea.

Yaani nilimsomea, lakini si ile. Siku ilipofika alikuwa ameketi kwenye gunia lake, mchana, mlango uko wazi kwa sababu alisema hewa ya ndani imekwisha. Aliponiona na bahasha akatabasamu, akajifuta midomo kama mgeni anaingia. Akasema, "Mama Qiulan huyo. Haya, soma." Nikafungua nikaona mistari ya juu, nikapitisha macho mpaka chini, upesi. Nikaona lile neno. Akasema, "Mbona kimya? Umesahau herufi?"

Nikaanza kusoma. Nikasema: "Baba Qiulan, huku baridi imekwisha, maua ya pembeni ya kiwanda yamechanua. Nakukumbuka. Nakumbuka ile siku ya mafuriko uliponibeba mgongoni kuvuka mto, kabla hatujaoana, ukateleza katikati ya maji ukasema hujateleza, ulikuwa unatafuta samaki. Tulipofika ng'ambo ukatoa peari mfukoni, imepondeka yote, ukanipa. Sijawahi kula tunda tamu kama lile. Najua unaumwa na najua unajitahidi. Sina kinyongo na wewe. Usihangaike kwa ajili yetu, sisi tutaweza."

Ile habari ya mto aliwahi kutusimulia yeye mwenyewe. Sikujua kama ni kweli. Nilikosa kingine cha kusema.

Baba hakucheka. Alifumba macho muda mrefu, nikadhani amelala. Halafu akasema, "Soma tena."

Hapo ndipo nilipoogopa, Mama. Sikukumbuka vizuri nilichosema. Nikaanza upya, nikasema maua, nikasema mto, nikasema ukatoa kiazi kitamu mfukoni. Akafungua jicho moja. Akasema, "Mara ya kwanza lilikuwa peari."

Halafu akasema, "Rudia lile la peari."

Nikarudia. Alipumzika, maana siku zile akisema maneno matatu lazima apumzike. Halafu akasema, "Qiulan, mimi namjua mama yako tangu ana nywele za kusuka. Ulimi wake ni pilipili kavu. Barua nzima, hata tusi moja hakuna? Huyo siye Guizhi." Nikaanza kulia. Akasema, "Hapana, usilie, umesoma vizuri. Mwalimu wako ana haki ya kukusifu. Amejua habari za tanuri?" Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza, "Amekasirika sana?" Nikaitikia. Akasema, "Vizuri. Angenyamaza ndiyo ningeogopa."

Halafu akasema, "Lete kalamu, geuza karatasi hiyo hiyo, nimjibu." Hiki ndicho alichosema, nimekiandika kama alivyokitoa:

"Mama Qiulan. Barua yako nimeipata. Zote mbili. Ile uliyoiandika ni haki yako, sina la kujitetea. Ile niliyosomewa nimeipenda. Usije kumpiga mtoto kwa ajili yake."

Akapumzika. Nikamuuliza ndiyo hayo tu? Akasema, "Ongeza kwamba peari ile nilikuwa nimeiiba."

Sikukuletea jibu hili kwa sababu ungejua kwamba sikukutii, ulisema nisiruke neno, na mimi niliyaruka yote. Ulipokuwa hapa nilikuwa nalo ndani ya koti. Kila uliponisogelea nilidhani umeniona usoni. Sasa nakutumia karatasi yenyewe. Upande mmoja ni wewe, upande wa pili ni yeye.

Na kuna jingine. Baba hakunipeleka kwenye tanuri. Nilikwenda mwenyewe mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, pesa ilipopungua na dawa zikaisha. Asubuhi ya kwanza alijaribu kunizuia. Aliinuka kitandani akasema, "Rudi hapa, mimi ni baba yako," akapiga hatua akaanguka kabla ya kufika mlangoni. Nilimwinua, nikamrudisha kwenye gunia, nikaenda. Siku zote jioni niliporudi alikuwa ananiwekea maji ya moto ya kunawa. Alikuwa akiyachemsha kwa kujikokota. Hakunitazama nikinawa.

Mama, na wewe ulitudanganya. Uliposinzia hapa nyumbani, glavu yako ilikutoka mkono wa kulia. Xiaoman ndiye aliyeona kwanza. Akataka kukuamsha akuulize vidole viwili umeviacha wapi. Nilimziba mdomo. Nilikuvisha tena glavu.

Shule sijarudi. Nilikwenda siku chache, Mwalimu Tan hakunigombeza, alisema nafasi ipo na muhula ujao nitarudia darasa la sita. Lakini mganga anadai pesa ya dawa za mwisho, na waliochimba kaburi wanapita wananiangalia. Bosi Gou alinipokea tena bila kuuliza. Alisema tu, "Safari hii usiugue." Sasa hivi natoa matofali yaliyoiva, ni moto kuliko kusukuma lakini malipo yana nafuu. Xiaoman anakwenda shule kila siku. Hilo nalisimamia.

Mwanao,
Ran Qiulan


Guangdong, 17 Mei 1995

Mwanangu,

Nimesoma pande zote mbili za karatasi. Ahong alinikuta nimekaa kwenye ngazi za bweni, akadhani nimefukuzwa kazi. Nilimpa asome. Alisoma, akakaa nami pale chini.

Ni kweli alinibeba. Ni kweli aliteleza. Peari sikujua kama ya wizi.

Sitakupiga.

Vidole vilikwenda mwezi wa kumi. Mashine ilishuka kabla sijatoa mkono, nilikuwa nimesinzia nimesimama. Walinifunga kitambaa wakanihamishia kufagia, wakaniambia nishukuru. Niliona nikiwaambia, baba yako atataka nirudi, na nikirudi wote tutakula nini? Nikanyamaza. Kwa hiyo pesa ikapungua, kwa hiyo wewe ukaenda kwa Gou, na mimi nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto nikamtukana mtu asiyeweza kufika mlangoni kwake. Yale maneno aliyestahili kuandikiwa ni mimi. Aliyajua hayo? Sijui. Sasa hakuna wa kumuuliza.

Nimeaga kiwandani. Msimamizi alisema mfagiaji mwingine atapatikana kabla sijafika getini, na ni kweli, nilimwona anaingia. Alikuwa msichana mdogo kama wewe. Amejifanya ana miaka kumi na sita.

Kamwambie Bosi Gou leo hii kwamba huendi tena, na kwamba mama yako anakuja kuchukua nafasi yako. Akisema mwanamke mwenye vidole vinane hafai, mwambie vidole vya mtoto wa miaka kumi na miwili alivihesabu? Mganga na wachimba kaburi waje waniangalie mimi. Nina macho ya kuwarudishia.

Nitapata basi la kutoka mji wa wilaya siku ya Jumatano, tarehe 7 Juni, litafika pale barabarani mchana. Najua mtataka kuja kunipokea. Msije, wewe wala Xiaoman. Mzigo ni mmoja tu, nitapanda nao taratibu, nitapita kwanza kwa baba yako pale mteremkoni, kuna jibu ambalo na mimi nadaiwa naye. Halafu nitashuka nyumbani, nitafungua mlango mwenyewe, nitawasha moto.

Mwaka huu wote, Qiulan, usingizini nimekuwa nikiota nafika nyumbani na wewe unanikimbilia. Jumatano hiyo, nikifika, nisikukute.

Uwe darasani.

Mama yako,
Tian Guizhi